The Whale au Aftersun? Kuchagua drama huru kwa kumtazama mhusika mkuu

Machi 2023, baba wawili walishindania Oscar ya Mwigizaji Bora wa Kiume. Brendan Fraser alikuwamo kwa The Whale, Paul Mescal kwa Aftersun. Kwa kusimuliwa tu ungedhani ni hadithi moja iliyopigwa picha mara mbili: mwanamume aliyeachana na mama wa mtoto wake, binti mmoja, siku chache za kuwa pamoja, na huzuni ambayo baba hajui aiweke wapi. Hata msambazaji wao Marekani alikuwa mmoja, A24. Fraser ndiye aliyeondoka na sanamu. Wahakiki walikuwa na hesabu yao nyingine. Sight and Sound, jarida la Uingereza, liliitaja Aftersun kuwa filamu bora ya 2022, ilhali The Whale iliwagawa vibaya: kuna waliotoka ukumbini wakilia na kuna waliotoka wamekasirika.

Sasa wewe una jioni moja na unataka drama moja. Nyota na asilimia za mitandaoni zinakwambia ni wangapi walioipenda filamu. Hazikwambii wameipendea nini. Katika drama hizi zinazoitwa huru, za bajeti ndogo, ambamo hakuna milipuko wala majoka ya kompyuta ya kukuvusha dakika mbovu, unachokalia kitako kukitazama ni mtu mmoja: uso wake, sauti yake, namna anavyokaa kimya. Ndiyo maana mimi husoma ugomvi wa wahakiki kabla ya alama zao. Wakizozana kuhusu mwigizaji, mara nyingi wanazozana juu ya swali hilihili: maumivu ya mhusika yamwagwe tuyaone yote, au yafichwe tuyatafute wenyewe? Ukishajua unapenda lipi, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Miisho siitaji. Matukio ya katikati nitayagusa, hayakwepeki.

Baba anayemwaga, baba anayeficha

The Whale iliongozwa na Darren Aronofsky, na Samuel D. Hunter aliiandika kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyopanda jukwaani mwaka 2012. Charlie anafundisha uandishi kwa mtandao huku kamera yake ameizima, wanafunzi wasimwone. Uzito wake umefika kilo 270 hivi, moyo unamwishia, hospitali hataki, na zimebaki siku chache za kupatana na Ellie, binti aliyemwacha akiwa mdogo. Karibu kila kitu kinatokea ndani ya nyumba moja, na picha yenyewe ina umbo la televisheni za zamani, karibu mraba, ili sebule ionekane imembana.

Lawama za wahakiki zilikuwa za aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya kimaadili. Fraser si mtu wa uzito huo. Alivaa mwili wa bandia, kazi iliyowapatia mafundi wake Oscar ya mapambo na nywele. Roxane Gay, mwandishi ambaye ameandika sana juu ya maisha ya mtu mnene, aliikosoa filamu vikali katika New York Times: kwake, inadai kumhurumia Charlie huku ikimgeuza kioja. Hoja hiyo naiona ina nguvu hasa kwenye matukio ya kula, muziki unapopanda utadhani zimwi linakaribia. Lawama ya pili ni ya kisanaa. Tamthilia imefika kwenye skrini ikiwa bado na desturi zote za jukwaani: watu wanaingia mlangoni kwa zamu, wanasema yaliyowaleta, wanatoka. Ellie, anayechezwa na Sadie Sink, kwa muda mrefu amepewa hasira tu na hakuna kingine.

Na Fraser? Hapa hata wengi wa walioichukia filamu walipunguza makali. Kulia analia sana, na Aronofsky hatuachi tukose hata chozi moja, lakini si hapo penye ufundi. Ufundi uko kwenye neno samahani. Charlie huomba radhi kwa kila jambo, mpaka rafiki yake Liz anapandwa na hasira, na Fraser halitamki neno hilo mara mbili kwa namna moja: hapa ni adabu, pale ni ujanja wa kumaliza mazungumzo, kwingine ni mtu anayeomba asiachwe. Chini ya ule mwili wa bandia amebaki na macho na sauti, navyo anavitumia vizuri. Wengi walimjua kwa The Mummy ya 1999, shujaa wa mabavu na utani, na ule uchangamfu wa kitoto haujamtoka. Charlie anaamini kwa dhati kwamba watu ni wema. Fraser anakuonyesha kwamba imani hiyo ni fadhila na ni upofu kwa wakati uleule, jambo ambalo maandishi yenyewe hayalisemi. (Kama unaniuliza mimi, bora wa filamu hiyo ni Hong Chau, aliyemcheza Liz muuguzi. Yeye peke yake anaigiza kana kwamba nje ya mlango ule kuna dunia.)

Aftersun ni filamu ndefu ya kwanza ya Charlotte Wells, mwongozaji kutoka Scotland. Calum, anayekaribia kutimiza miaka 31, amempeleka Sophie wa miaka 11 likizoni Uturuki, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanaogelea, wanacheza pool, wanapakana mafuta ya jua, wanarekodiana kwa kamera ndogo ya video. Miaka mingi baadaye Sophie, sasa mtu mzima, anazirudia kanda zile akimtafuta baba ambaye wakati ule hakumwona sawasawa.

Lalamiko la watazamaji wengi ni kwamba hakuna kinachotokea. Nawaelewa. Wells hakupi maelezo. Mkono wa Calum umefungwa plasta ngumu, na hupati kisa kamili cha jinsi ulivyovunjika. Pesa ni tatizo, unalijua kwa kuambulia. Mescal anamcheza mtu anayejificha mbele ya mtoto, na kwa kuwa sisi tumekaa mahali pa mtoto, anajificha mbele yetu pia. Usiku anavuta sigara kwenye roshani, mgongo ukiwa kwetu, anayumbayumba polepole huku Sophie amelala. Katika tukio moja ameketi kitandani akilia kwa kwikwi, na kamera inabaki nyuma yake. Tukio zito kuliko yote la mwigizaji mkuu, na uso wake hatuuoni! Analicheza kwa mabega.

Kuna watakaosema kwamba huo ni ujasiri wa mwongozaji na mwigizaji hana jasho lake hapo. Sikubali, kwa sababu ya usiku wa karaoke. Sophie amewaandikisha waimbe pamoja. Calum anagoma kusimama. Mtoto anaimba peke yake, vibaya, mpaka wimbo unakwisha. Baadaye baba anajitolea kumlipia masomo ya uimbaji, na binti anamwambia aache kuahidi kulipia vitu wakati anajua hana pesa. Mtazame Mescal hapo. Hakasiriki wala halii. Anaipokea kauli ile kama mtu aliyesomewa barua yake ya siri mbele za watu, kisha sura yake inarudi kuwa ya baba. Ni sekunde chache, na kwangu zina uzito kuliko hotuba zote za Charlie. Sifa nyingine ni ya Frankie Corio, aliyepatikana kati ya wasichana zaidi ya 800 na hakuwa amewahi kuigiza filamu. Bila mtoto yule kumpenda kwa wepesi vile, Calum angekuwa kitendawili cha kuchosha tu.

Basi uchague vipi? The Whale inafaa ukitaka kulia usiku huohuo na kumaliza. Inafaa pia ukitazama na watu wanaopenda kuzungumza, kwa kuwa mambo yote yamesemwa kwa maneno na ukikosa sentensi mbili hupotei. Kama umewahi kudhalilishwa kwa ajili ya mwili wako, fikiri mara mbili. Upole wa Fraser hauwezi kufuta namna kamera inavyomtazama. Aftersun inataka simu iwe mbali, na inataka umvumilie kwa dakika arobaini hivi ukidhani unatazama video za likizo za familia usiyoijua. Aliyempoteza mtu kwa huzuni ya aina ile aijue mapema kwamba filamu hii inagusa palepale. Mimi ningemchagua Mescal, kwa filamu na kwa uigizaji, ingawa sishangai kwamba wapiga kura wa Oscar hawakufanya hivyo: uigizaji wa kumwaga huonekana ukiwa umekaa mbali, huu wa kuficha hautoki hivyo.

Wanawake wawili na magari yao

Jozi hii ni rahisi zaidi kuiamua, ingawa sifa za hadharani ziko upande mmoja wote. Nomadland ya Chloé Zhao ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2020, kisha Oscar tatu mwaka uliofuata: filamu bora, mwongozaji bora, na Mwigizaji Bora wa Kike kwa Frances McDormand, ikiwa ni mara yake ya tatu kuipata tuzo hiyo. Wendy and Lucy ya Kelly Reichardt, ya 2008, ilipita kimya. Bajeti yake haikufika dola milioni moja, urefu wake ni dakika 80, na mbwa anayeitwa Lucy ni wa mwongozaji mwenyewe.

Fern wa Nomadland aliishi Empire, Nevada, mji uliojengwa kuzunguka kiwanda cha jasi kilichofungwa mwaka 2011. Mumewe amefariki, anahamia ndani ya van na kufuata vibarua vya msimu, kuanzia ghala la Amazon hadi kambi za watalii. Wanaomzunguka wengi wao si waigizaji. Linda May, Swankie na Bob Wells ni watu wanaoishi hivyo kweli, na Zhao aliwaacha waseme. Kazi kubwa ya McDormand, basi, ni kusikiliza, na sijui nani mwingine maarufu angeweza kukaa kwenye moto ule wa kambi bila kuonekana mgeni wa heshima. Anajipunguza mpaka anakuwa mmoja wao.

Wahakiki walioipinga hawakumgusa yeye. Walikwazika na ghala. Kitabu cha Jessica Bruder kilichozaa filamu kinaeleza kwa kirefu jinsi kazi zile zinavyowaumiza wazee. Kwenye filamu Amazon inapita kama kazi safi yenye mshahara mzuri. Nakubaliana nao, na naongeza langu: Fern ana milango. Dada yake ana nyumba, rafiki yake Dave anampa chumba, yeye ndiye anayekataa. Hilo linamfanya awe mhusika wa kupendeza, mtu huru, na jua la magharibi liko tayari kila akihitaji kutafakari.

Wendy hana mlango wowote. Michelle Williams anamcheza msichana anayeelekea Alaska kutafuta kazi ya samaki, na gari lake linamfia Oregon. Anaandika kila senti kwenye daftari. Anaiba chakula cha mbwa, anakamatwa na kijana wa dukani anayependa sheria kupita kiasi, na akiachiwa, mbwa hayupo. Hiyo ndiyo hadithi nzima. Anampigia simu dada yake, na kabla simu haijakatwa umeshajua hakuna msaada utakaotoka huko. Williams ananong'ona karibu filamu yote, kwa adabu ya mtu anayeogopa kwamba hata kuuliza kutamgharimu. Mara moja tu anapasuka, peke yake, chooni, baada ya usiku wa kutisha, na haraka anajikusanya kwa kuwa hana muda wa kupoteza.

Ukitaka mandhari, muziki wa piano, na kutoka ukiwa na hamu ya safari, chukua Nomadland; haitakuangusha. Ukitaka kujua umaskini unavyokwenda kihesabu, dola baada ya dola, Wendy and Lucy ni bora, na ni fupi. Wapenda mbwa wajiandae.

Mabel na Lee

Hapa ndipo swali langu linapofika mwisho wa kamba zote mbili. John Cassavetes alitengeneza A Woman Under the Influence, iliyotoka mwaka 1974, kwa kuweka nyumba yake rehani na kwa pesa za mwigizaji mwenzake, Peter Falk, yule mpelelezi wa Columbo kwenye televisheni. Filamu ilipokamilika wasambazaji waliikataa, akaisambaza mwenyewe, ukumbi kwa ukumbi. Mkewe, Gena Rowlands, ni Mabel, mama wa watoto watatu ambaye akili yake inateleza mbele ya watu wanaompenda na wasiojua la kufanya. Mwanzoni Cassavetes aliiandika kama tamthilia. Rowlands alimwambia hawezi kuibeba kila usiku. Ukiitazama utamwelewa.

Ugomvi wake ni wa kihistoria. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota nne. Pauline Kael wa New Yorker alikiri ukubwa wa kazi ya Rowlands kisha akaigeuza kuwa lawama: kwake ilikuwa nyingi mno, haipumziki, inamchosha mtazamaji. Wote wawili wanaeleza kitu kilekile walichokiona. Mabel anapowalisha tambi wafanyakazi wenza wa mumewe asubuhi, mikono ya Rowlands inafanya mambo yake, midomo inajibu maswali ambayo hayajaulizwa, furaha yake inazidi chumba. Unaanza kumwonea aibu, halafu unagundua kwamba aibu hiyo ndiyo inayomwangusha. Kael alitaka apumzike. Mabel hawezi kupumzika. Rowlands alikosa Oscar, iliyokwenda kwa Ellen Burstyn. Akapewa ya heshima mwaka 2015, miaka tisa kabla ya kufariki. Kati ya wote ninaowataja hapa, mimi namweka yeye juu, na wala simpendekezi kwa mtu aliyetoka kazini amechoka. Ni saa mbili na nusu hivi za sauti kubwa.

Manchester by the Sea ya Kenneth Lonergan, ya 2016, ni kinyume chake kabisa. Casey Affleck ni Lee, msafisha majengo ambaye kaka yake amefariki na kumwachia ulezi wa kijana Patrick, katika mji ambao Lee hawezi kuukanyaga bila kukumbuka. Affleck anaongea kama mtu aliyepimiwa maneno. Alishinda Oscar, na Lonergan akashinda ya uandishi. Waliomkosoa walisema ni uso mmoja kwa zaidi ya saa mbili. Mimi nasema watazame tena anavyokutana barabarani na mkewe wa zamani, Michelle Williams huyohuyo: yeye anamwaga yote, Lee anashindwa hata kusimama palepale, na aina zote mbili za uigizaji zinagongana kwa dakika chache ndani ya filamu moja. Lawama ninayoikubali ni ya muziki. Adagio, muziki wa polepole unaojulikana kwa jina la Albinoni, unapigwa juu ya tukio la moto kwa sauti na kwa muda mrefu, kana kwamba mwongozaji hakuamini kwamba tumeshaumia.

Jambo ambalo uhakiki mwingi unalipuuza ni kwamba filamu hii inachekesha. Lee na Patrick wanazozana juu ya mahali gari lilipoegeshwa, juu ya wasichana wawili wa Patrick wasiojuana, juu ya maiti kuwekwa kwenye jokofu mpaka ardhi ya baridi ilegee. Kwa sababu hiyo, kati ya hizi mbili, hii ndiyo ya kutazama na familia ya watu wazima. Ya Rowlands itazame peke yako kwanza.

Neno moja juu ya hilo jina "huru". Manchester by the Sea ilinunuliwa na Amazon kwenye tamasha la Sundance. Nomadland ilitolewa na Searchlight, mali ya Disney. Uhuru wao uko kwenye namna zilivyotengenezwa, na kwa Cassavetes peke yake ndiko ulikofika mpaka kwenye kuuza tiketi. Usichague kwa kufuata lebo hiyo.

Kama hujazoea

Kwa mtu ambaye hajawahi kuzipenda filamu za aina hii, sianzi na yoyote kati ya hizo sita. Nampa Winter's Bone ya Debra Granik, ya 2010. Baba ameweka nyumba kuwa dhamana ya mahakama kisha akatoweka. Binti yake Ree, mwenye miaka 17, amtafute au familia itolewe nje. Ina mwendo wa hadithi ya upelelezi, ina watu wa kuogopwa milimani Missouri, na ina Jennifer Lawrence miaka miwili kabla ya The Hunger Games kumfanya ajulikane kila mahali. Anaigiza kwa taya: analikaza, anagonga mlango unaofuata. Ilipata tuzo kuu ya majaji huko Sundance, na karibu hakuna mhakiki aliyeipiga vita.

Ikimkolea, filamu inayofuata ni Never Rarely Sometimes Always ya Eliza Hittman, ya 2020. Sidney Flanigan hakuwa ameigiza kabla yake. Kuna tukio anaulizwa maswali na mshauri wa kliniki kabla ya kutoa mimba, kila swali na majibu manne ya kuchagua, na kamera inakaa usoni pake bila kuondoka. Mada hiyo wengine hawataitaka, na ni haki yao kuiruka. Asiyeiruka atakuwa ameona, katika tukio hilo moja, mtu akijaribu kuficha na kushindwa.